Tawi Juu ya Chumba cha Mama

Mama alitoa sharti lake akiwa anaosha vyombo, mgongo kampa binti yake, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari.

"Si anasema kazi yake ni kuponya miti? Basi aje auponye huu wetu. Akiweza, nitawapokea wazee wake wakija kuposa. Akishindwa, Jumamosi saa tisa mwenye msumeno anakuja kuuangusha, na hayo mambo yenu yaishe siku hiyo hiyo."

"Mama, mti na ndoa vinahusiana nini?"

"Kwangu vinahusiana." Akafunga bomba, akabaki kaishika koki. "Baba yako alikuwa mtu wa kupanda. Nguzo za umeme, miaka kumi na sita, mkanda kiunoni, kila asubuhi ananiambia jioni tutaonana. Siku moja hatukuonana. Sasa wewe, katika wanaume wote waliojaa mji huu, unaniletea mwingine wa kamba."

Binti alikuwa na miaka tisa siku baba yake alipoletwa nyumbani amefunikwa, na tangu hapo hata kumtazama mtu akibadilisha taa juu ya ngazi kulimtoa jasho viganjani. Halafu moyo wake, usio na akili hata ya kuazima, ukaenda ukampenda mpogoaji wa miti.

Na tuseme ukweli, kosa lilianzia kazini. Yeye ni mpima macho katika duka la miwani. Miezi minane nyuma aliingia kijana mrefu, vumbi la mbao limejaa nyweleni, jicho la kushoto jekundu kama pilipili, akasema kuna kitu kimemwingia. Binti akamkalisha, akamfunua kope, akakiona: kipande cha gome, kidogo kuliko punje ya mchele. Kwa dakika nne nzima pumzi zao zilikuwa zinakutana.

"Usipepese," alimwambia.

"Sipepesi. Nani atakayepepesa hapa?"

Alikuwa ameshatazama macho ya maelfu ya watu bila kuyaona. Ya huyu aliyaona. Wiki iliyofuata kijana akarudi bila ugonjwa wowote, akidai anaona ukungu, na alipopimwa akasoma mpaka herufi za mwisho kabisa, zile ambazo hata mwenye duka hazisomi. Wenzake kijana katika kazi ya miti wanamwita Tabibu, kwa sababu hagusi mti mpaka aupime kwanza kila upande, na jina hilo likamkaa hata mdomoni mwa mpenzi wake.

Basi Jumamosi hiyo, saa nne, Tabibu akaja na pikapu lake na mwenzake mmoja, mtu mnene mwenye shingo fupi aitwaye Nanga. Kazi ya Nanga ni kubaki chini na kushika kamba. Yeye hapandi, na wala hamwondolei macho aliyepanda, hata nyuki akimtua usoni.

"Shikamoo, mama," alisema Tabibu mlangoni.

"Marahaba. Mti uko nyuma. Usiniulize kitu, mimi nina kazi jikoni."

Mti wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Shina lake liligawanyika kuwa mawili kwenye kimo cha dari: moja likaelekea uani, la pili, la kushoto, likainama juu ya paa la chumba cha mama kama mtu anayechungulia dirishani. Kila upepo ulipovuma, mama alichukua mto wake akaenda kulala sebuleni. Na wiki ile upepo ulivuma sana.

Tabibu hakuwa na haraka. Alizunguka mti mara tatu, akainama kwenye mizizi, akachomoa nyundo ya mbao kiunoni, akaanza kugonga na kusikiliza. Aliegemeza ngazi, akagonga mpaka juu ya pale shina linapogawanyika. Binti alisimama karibu, mikono kwapani.

"Unasikiliza nini?" aliuliza.

"Mti uliooza ndani unalia kama debe tupu. Huu, sikia." Akagonga lile la kulia, kisha lile la kushoto. Yote mawili yakajibu sauti nzito, iliyoshiba; la kushoto ndilo lililoshiba zaidi. Uso wake ukang'aa. "Mzima. Tutaupunguzia uzito upande wa paa, tutatoa vijiti vikavu, kisha tutayafunga mashina mawili kwa waya wa chuma yasipanuke upepo ukija. Hauna sababu ya kufa huu mti. Umri wako mara mbili huo."

Alishuka, akamkuta binti palepale. Akavua glovu moja akamshika vidole.

"Mikono yako ya baridi."

"Ni asubuhi."

"Ni saa tano, jua la kuanika nguo."

Binti aliinua macho juu ya paa. "Nikuulize kitu. Huwa unaogopa ukiwa kule juu?"

"Kila siku. Siku nitakayoacha kuogopa nitauza kamba zangu nifungue genge la nyanya."

"Mimi sijawahi kukuona kazini. Nilikuwa nakwepa kwa makusudi."

"Najua. Kaa ndani basi. Nikimaliza nitakuita."

"Nikikaa ndani nitakuona vibaya zaidi," alisema, na hilo lilikuwa kweli. Kichwani mwake alishamwona ameanguka mara saba tangu alfajiri.

Tabibu alimtazama kwa namna ile ya dukani, bila kupepesa. Kisha akavaa kofia ngumu, akakaza mkanda, akarusha kamba nyembamba yenye kizito juu ya lile la kushoto, akavuta kamba kuu ikapita, akaifunga. Nanga alikagua fundo lake, akalivuta mara mbili, akaitika kwa kichwa. Ndipo miguu ya Tabibu ikaiacha ardhi.

Waliowahi kumpenda mtu wa kazi ya hatari watalijua lile lililompata binti hapo. Alimhesabia kila hatua, na kila kijiti kilipoanguka, kabla hakijafika chini, yeye alikuwa ameshakufa kidogo. Kule juu Tabibu alikwenda kwa utulivu, akikata kikavu hiki na kile kwa msumeno wa mkono, akijisogeza pole pole kuelekea juu ya paa. Uzito wake wote ulikuwa kwenye shina la kushoto.

Ilipita kama robo saa. Binti aligeuza kichwa, akamwona mama yake amesimama mlango wa jikoni. Mikononi alikuwa ameshika taulo la vyombo, amelisokota mpaka limekuwa kamba. Midomo ilikuwa inacheza bila kutoa neno. Alikuwa akitazama sehemu moja tu ya mti, pale chini kidogo ya miguu ya Tabibu.

"Mama? Una nini?"

Mama akarudi nyuma hatua moja kama anayetaka kuingia ndani, akasita, kisha sauti ikamtoka, kavu, isiyo yake:

"Mwambie atoke hapo. Hapo ndani hamna mti. Hapo ni saruji."

Nanga hakugeuka, lakini mgongo wake ulikakamaa. "Umesema nini, mama?"

"Kulikuwa na shimo kubwa pale, kabla huyu hajazaliwa. Marehemu alipanda na ngazi akalijaza saruji, mimi nikimpa ndoo. Gome likaja likafunika. Mtu hawezi kujua kwa kutazama, lakini pale ni saruji na maganda tu."

Binti alifungua mdomo kupiga kelele. Nanga akawahi, kwa sauti ya chini sana: "Usimwite. Usimshtue. Ukimpenda, nyamaza." Kisha akainua uso, akasema kama anayeomba maji ya kunywa: "Tabibu. Usijitikise. Kushoto kuna shimo, limejazwa saruji. Wewe uko juu yake."

Kule juu kila kitu kilisimama. Hata kutoka chini binti aliona uso wake ukibadilika, ukapauka. Tabibu aliielewa mara moja habari ile: nyundo ilikuwa imemdanganya. Saruji ilikuwa imejibu kwa niaba ya mti.

Hakuweza kushuka kwa kamba ile, kwa kuwa kila kilo ya uzito wake ilikuwa imening'inia kwenye shina lile lile. Alichokuwa nacho ni kamba fupi ya kiunoni. Ilimbidi aifikishe kwenye shina la kulia, mkono na nusu kutoka alipo, bila kujivuta, bila kujirusha, bila kupumua ikiwezekana. Akanyoosha mkono. Haukufika. Akajisogeza kama mtu anayetoka kitandani asimwamshe mtoto. Akanyoosha tena.

"Mungu wangu," alinong'ona binti. "Mungu wangu, nitaacha kila kitu. Nitamkataa mwenyewe leo hii. Nitamkataa, mradi ashuke."

Vidole vya Tabibu vikaligusa shina la kulia, vikalizungushia ile kamba fupi, na pete ya chuma ikalia tik. Sauti iliyofuata haikuwa ya pete. Ilikuwa mlio mrefu, mzito, kama mlango wa stoo usiofunguliwa miaka, na shina la kushoto likapasuka pale pale mama alipokuwa akitazama. Likaanza kuinama. Kamba kuu, iliyofungwa juu yake, ikakaza, ikamvuta Tabibu kiunoni kuelekea linakoenda. Kamba fupi ikamvuta huku. Alikuwa amebanwa katikati kama nguo inayokamuliwa.

Katika kazi yao kuna jambo moja ambalo hakuna anayelifanya, hata kwa mzaha, nalo ni kupeleka msumeno karibu na kamba yako mwenyewe. Tabibu aliuchomoa msumeno, akauweka juu ya kamba yake, akakata.

Ilikatika kwa pigo la pili. Akajigonga kwenye shina la kulia, akalikumbatia kwa mikono na miguu, akatulia. Tawi la kushoto halikuanguka lote. Liliinama mpaka majani yakalamba bati la chumba cha mama, likabaki limening'inia kwa utepe wa mbao usiozidi upana wa mkono, likilia kila upepo ulipoligusa.

Namna Tabibu alivyoshuka, binti hakuja kuikumbuka vizuri. Alimwona akiteremsha uzi kutoka mfukoni, Nanga akifunga kamba nyingine kwenye uzi, kamba ikipanda. Alichokumbuka ni viatu vyake vikigusa nyasi, na yeye mwenyewe amekwishafika, amemshika shati kwa ngumi zote mbili, anamtikisa badala ya kumkumbatia.

"Niko hapa," Tabibu alisema. "Niko hapa. Polepole, mbavu hizo."

Mama alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alisema mwenyewe.

"Nilikumbuka wakati anarusha kamba."

Binti aligeuka taratibu. "Wakati gani?"

"Kabla hajapanda. Nilipoona anafunga upande ule nikakumbuka ndoo zile zote. Nikanyamaza." Alikuwa akiongea na taulo. "Sikutaka afe. Mungu anajua sikutaka afe. Nilisema acha apande, atasikia linatikisika, ataogopa, atashuka mwenyewe aseme mti haufai. Kisha aende zake. Nikawa najiambia bado kidogo. Bado kidogo. Halafu nikaona miguu yake, nikaona kama ya baba yako."

"Robo saa, mama." Binti aliliachia shati la Tabibu. "Umekaa hapo robo saa ukimtazama."

"Najua."

"Mimi nimesimama hapa ninakufa, na wewe una neno moja tu la kusema."

"Najua, mwanangu. Usinisamehe leo. Leo sistahili."

Tabibu alivua kofia, akaenda akachuchumaa mbele ya mama, mbali kidogo, kwa adabu. Paji la uso lilikuwa limechubuka. "Kosa lina sehemu yangu, mama. Sisi kabla ya kuvaa glovu, tunamuuliza mwenye mti: huu mti umewahi kuumwa nini, umewahi kufanyiwa nini? Ndilo swali la kwanza. Nimewauliza watu mia mbili, hata wale wanaonifukuza na mbwa. Leo sikuuliza."

"Nilikwambia usiniulize kitu."

"Ningeuliza tu. Nilikuogopa. Nilitaka unione fundi, nikasahau ufundi."

Mama akafunika uso. Hapo upepo ukapita, tawi likalia, na wote wanne wakatazama juu. Upande wa milima anga lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi.

"Haliwezi kubaki hivyo," Nanga alisema. "Jioni litakuwa kitandani."

"Mwenye msumeno atakuja saa tisa," mama alisema. "Aukate wote kwa chini. Yaishe."

"Akiukata kwa chini, huu wote unalalia nyumba," alijibu Tabibu. "Na shina la kulia halina kosa, nimelikumbatia, nimelisikia. Tukilitoa la kushoto vipande vipande kwa kamba, mti unabaki, na paa linabaki. Lakini mtu lazima apande."

"Nani?" aliuliza binti, ingawa alijua.

Tabibu alisimama. Akamjia, akasimama karibu kama siku ile ya kipande cha gome, pumzi kwa pumzi.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Ukisema nisipande, sipandi. Tutatoa kitanda na kabati la mama, liangukie chumba kitupu. Bati litanunuliwa. Na sisemi ya leo tu, unanielewa? Ukisema leo nisipande, sitapanda tena. Nitatafuta kazi ya chini. Nimeona uso wako nilipogusa nyasi. Sitaki kuwa mtu wa kukutia uso ule kila jioni."

"Utafanya kazi gani ya chini?"

"Sijui. Sijawahi kuwaza."

Hakuwa anamjaribu. Alikuwa anampa kabisa, kama mtu anavyompa mwingine funguo za nyumba. Na binti aliitaka zawadi ile kwa kila mfupa wake. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi: usipande. Mume hai, chakula cha saa moja, simu inayolia bila kumshtua. Akamtazama machoni ili alitamke, na akaona kwamba tayari yameanza kuaga. Yalikuwa yametoka kwake kidogo tu, kwa nusu ya pumzi, yakaenda kwenye lile shina la kulia, kisha yakarudi kwake kwa utiifu. Angeishi na utiifu ule miaka arobaini.

Hofu haikumtoka. Naomba msomaji asidhani ilimtoka. Ilimpanda mpaka kooni, na ilimbidi azungumze kwa kuizunguka.

"Nakupenda," alisema. "Na ninaogopa, na nitaogopa kila siku ya Mungu, usije ukaniambia nizoee. Sitazoea. Panda."

"Una hakika?"

"Sina. Panda kabla sijageuka."

Tabibu alimshika shavu kwa kiganja chenye utomvu, mara moja, mbele ya mama, bila kuomba radhi. Nanga akatoa kamba mpya. Safari hii fundo lilikaguliwa na watu watatu, wa tatu akiwa hajui kabisa anachokitafuta, lakini alilivuta kwa nguvu zake zote. Kamba ilipita shina la kulia. Miguu ikaiacha ardhi tena, na binti akaanza kumhesabia hatua tena, vilevile, bila nafuu hata ya senti moja.

Alipofika usawa wa ule mpasuko, Tabibu alisimama. Kutoka chini walimwona akipapasa gome kwa kiganja, huku na huku, kama kipofu anayetafuta swichi.

"Mama," aliita. "Nataka kukata mahali pazima. Saruji iliishia wapi?"

Nanga hakuondoa macho juu. Binti alisikia nyayo nyuma yake, za taratibu, na mama yake akauacha mlango wa jikoni, akavuka uani, akaja kusimama chini kabisa ya mti, mahali ambapo kama tawi lingeanguka lingemwangukia yeye wa kwanza.

"Mama, rudi nyuma."

Hakurudi. Aliinua uso, mkono mmoja kauweka juu ya macho kuzuia mwanga, na alipofungua mdomo maneno yalimtoka mengi, mfululizo, kama yaliyokuwa yakisubiri miaka.

"Shuka kidogo. Kidogo tena. Si hapo, hapo alianzia. Alikuwa amesimama ngazi ya tisa, mguu wa kulia kauegemeza kwenye kile kinundu, unakiona? Ndoo ya mwisho niliipandisha mwenyewe. Teremsha mkono, mwanangu. Chini ya goti lako. Hapo. Hapo ndipo baba yake alipoishia, chini ya hapo kote ni mti."